Namba Iliyodhaniwa Tasa

Mwanafunzi akikosa hesabu, mwalimu huisahihisha kabla kengele haijalia. Lakini iko hesabu moja iliyokosewa na mtaalamu mkubwa, nayo ilikaa miaka 232 pasipo mtu kuthibitisha kosa lake.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 31. Padri Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi mjini Paris, alizichunguza sana. Andika 2 mara tatu, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1: wapata 7. Andika 2 mara tano, ufanye vivyo hivyo: wapata 31. Zote mbili ni tasa. Lakini ukiandika 2 mara kumi na moja, wapata 2,047, nayo ni 23 mara 89. Basi, ni lini jibu huwa tasa, na ni lini siyo?

Mwaka 1644 Padri Mersenne alitoa orodha yake. Humo alisema kwamba 2 zikiandikwa mara 67, zikazidishwa, na 1 ikatolewa, jibu ni tasa. Jibu lenyewe ndilo hili: 147,573,952,589,676,412,927. Nani angeligawanya kwa mkono?

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba ile si tasa. Lakini hakuonyesha hugawanyika kwa namba zipi. Alikuwa kama mama anunuaye mtungi sokoni: augonga kwa kidole, na kwa mlio wake ajua una ufa, ijapokuwa hauoni ufa ulipo.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York, alisimama profesa Frank Nelson Cole. Yasimuliwa kwamba hakunena neno. Aliandika ubaoni namba ile kubwa. Kisha kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, nao wakampigia makofi. Husemwa pia kwamba kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Je, Padri Mersenne aliaibika? Hasha! Namba za namna hii zaitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 2024, kwa msaada wa mashine, ilipatikana moja iliyo tasa kweli, yenye tarakimu 41,024,320. Jibu lake lilikuwa na kosa, lakini swali lake lilikuwa jema, nalo likawapa wengine kazi.

Enyi wanafunzi, hesabu haimstahi mtu kwa cheo chake, wala haimdharau mtoto. Msituamini sisi bure. Twaeni karatasi na kalamu, mzidishe zile namba mbili za Cole, mwone wenyewe.