Nani atasimamisha malori Rumonge?

Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili kwenye tambarare ya Rusizi, kaskazini mwa Bujumbura, ikitafuta petroli. Haikupata kitu, ikafunga virago. Baadaye upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika ulikatwa vitalu, vikapewa herufi kuanzia A hadi D, na Surestream ya Uingereza ikachukua B na D. Hadi leo halijatoka hata pipa moja. Mwenye pikipiki wa Rumonge, mji ulio ufukweni mwa ziwa hilo, akitaka esansi hukesha foleni, au hununua ya magendo iliyovushwa ziwani kwa boti kutoka Kongo au Tanzania, kwa bei anayotaka muuzaji.

Kuzungumzia mgawo wa mapato ya mafuta katika ufuo huu, basi, ni kama kupatana mahari ya binti ambaye hajazaliwa. Hata hivyo, baadhi ya majirani zetu walianza kugombana kabla hawajaona tone, na walikuwa na sababu.

Wazanzibari wanaijua habari hii kwa kichwa. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipoundwa mwaka 1964, mafuta hayakuwamo katika orodha ya mambo ya pamoja. Yaliingizwa mwaka 1968. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kuonyeshana vidole. Kelele zilianza pale kampuni zilipotaka kupima bahari ya Pemba na Unguja: mkataba usainiwe Dar es Salaam au Mji Mkongwe? Fedha ziingie mfuko upi? Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar liliazimia mafuta na gesi yatolewe kwenye mambo ya Muungano. Vitalu vikalala. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 ndiyo iliyofungua mlango, ikaiachia Zanzibar isimamie mafuta yake, na mwaka uliofuata Zanzibar ikatunga sheria yake yenyewe. Wanasheria wengine walinung'unika kwamba sheria ya kawaida imepita juu ya orodha iliyomo ndani ya Katiba. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilisaini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah. Tangu azimio la Baraza hadi wino wa mkataba huo ilipita karibu miaka kumi, na bado hakuna mafuta.

Turkana, nchini Kenya, hali ilikuwa tofauti, kwani huko mafuta yalipatikana kweli. Kisima cha Ngamia-1 kilitoa habari njema mwaka 2012, na mwaka uliofuata kaunti zikaanza kazi chini ya Katiba mpya ya Kenya. Gavana wa Turkana, Josphat Nanok, alikuwa amechaguliwa kwa kura, si kutumwa kutoka Nairobi, na tofauti hiyo ilionekana upesi. Bunge lilipitisha muswada uliowapa wananchi wa eneo la uchimbaji asilimia 10. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi, akitaka iwe 5. Yeye na Nanok wakavutana miaka, wakatoleana maneno makali hadharani, hadi wakakubaliana mwaka 2018: serikali kuu 75, kaunti 20, wananchi 5. Sheria ilitiwa sahihi Machi 2019.

Asilimia hizo zinanukuliwa mno. Kinachosahaulika ni malori. Juni 2018 Rais alizindua safari za malori yaliyobeba mafuta ghafi kutoka Lokichar kwenda Mombasa. Kabla mwezi haujaisha wakazi walikuwa wamefunga barabara. Walilalamikia usalama dhidi ya majambazi wa mifugo, wakadai ajira na zabuni. Malori yakasimama kwa majuma kadhaa, na wakubwa wakalazimika kukaa kitako na watu ambao kwa desturi huletewa taarifa tu. Mimi naamini barabara ile ilifanya kazi kubwa kuliko vifungu vya sheria.

Sasa turudi Rumonge. Burundi ni nchi ya serikali moja. Gavana wa mkoa huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Ni mkono wa serikali kuu ulionyooshwa mikoani. Ugomvi wa Zanzibar ulikuwa na Baraza, wa Turkana ulikuwa na gavana wa kura. Gavana wa hapa akiona mgawo haufai, atamlalamikia nani, na kwa nguvu ya nani?

Na mkoa wenyewe haukudumu. Rumonge ilifanywa mkoa wa 18 mwaka 2015, kwa kumega tarafa za Bururi na za Bujumbura Vijijini. Mwaka 2025 mikoa 18 ikapunguzwa kuwa mitano, tarafa 119 zikawa 42, na Rumonge ikarudi kuwa tarafa ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Serikali ilisema inapunguza gharama na kuzipa tarafa uwezo zaidi. Huenda hesabu hiyo ni sahihi. Lakini ufuo ambao ungeweza kusema "huu ni mkoa wetu, na mafuta yako mbele ya mlango wetu" sasa uko chini ya mkoa mmoja na vilima vya Rutana, mbali na maji.

Mfano wa karibu tunao, ingawa si wa petroli. Gakara, kwenye milima iliyo juu ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, kampuni ya Uingereza ya Rainbow Rare Earths ilikuwa ikichimba madini adimu na kuyasafisha Kabezi. Serikali ya Burundi ilikuwa na hisa asilimia 10 katika mradi huo. Mwaka 2021 ilisimamisha usafirishaji, kisha uchimbaji, ikisema mkataba haujakaa sawa kwa upande wa nchi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na ningeitetea. Lakini ulikuwa ugomvi wa meza moja yenye viti viwili, cha wizara na cha kampuni. Tarafa hazikuwa na kiti.

Kiti hicho Rumonge imekihitaji zamani, kwani wakazi wake wanajua uamuzi wa mbali unavyoshuka hadi kwenye mche. Mafuta yanayolisha mji huu ni mawese. Michikichi imejaa pembezoni mwa ziwa, na miradi ya serikali ya zao hilo iliota mizizi humu humu. Ardhi yake ina jeraha. Baada ya maasi ya Aprili 1972 yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji ya kutisha yaliyofuata, maelfu walikimbilia Tanzania. Waliporudi miongo mitatu na zaidi baadaye walikuta mashamba yao yana wenyewe, baadhi wakiwa wamegawiwa na serikali kwa karatasi halali. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilihangaika na kesi hizo kwa miaka mingi. Ukimwambia mzee wa hapa kwamba serikali itatafuta eneo la matangi na bomba, hatauliza bei ya pipa. Atauliza bomba litapita kwa nani.

Tena vitalu viko majini. Jukwaa la kuchimba likisimama ziwani, hakuna barabara ya kufunga. Atakayelikuta mbele yake ni mvuvi wa ndagala na mukeke, na maji ya ziwa hili, lenye kina cha karibu mita 1,470, hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie. Mafuta yakimwagika hayana haraka ya kuondoka. Kongo nayo iliweka vitalu vya bonde la Tanganyika kwenye mnada wa mwaka 2022, kisha ikaufuta mnada mwaka 2024; siku ikiamua kuchimba, uchafu unaweza kuvuka mpaka bila sahihi ya Mrundi yeyote.

Kuna waraka mmoja unaomtambua mvuvi huyo. Mkataba wa usimamizi wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unataka athari kwa mazingira zipimwe kabla ya mradi, majirani wajulishwe, na wananchi wa ufukweni washirikishwe katika maamuzi. Hausemi neno juu ya asilimia. Mamlaka inayousimamia ina ofisi Bujumbura, safari ya kiasi cha kilomita 70 kutoka soko la Rumonge, na viongozi wa wavuvi wanaweza kwenda kuuliza hata kesho ni nani aliyeombwa ruhusa katika vitalu A, B, C na D.