Kubeba na Kutenga: Kisawe cha Neno "Staddle" kwa Kurejelea Dungu la Malinyi

Makala haya yanajadili maana ya neno la Kiingereza *staddle* na tatizo linalomkabili mfasiri anayelitafutia kisawe cha Kiswahili. Neno hilo, ambalo chimbuko lake katika Kiingereza cha kale lilimaanisha msingi, hutaja hasa jiwe lenye umbo la uyoga linaloinua ghala la nafaka ili lisifikiwe na panya wala unyevu. Fasili hiyo ina sifa mbili: kubeba na kutenga.

Kisawe cha kwanza kinachojitokeza ni *nguzo*. Hata hivyo, nguzo husisitiza kubeba tu, na matumizi yake yamepanuka hadi kwenye dhana dhahania, kama vile nguzo tano za Uislamu. *Mhimili*, nomino inayohusiana na kitenzi *himili* chenye asili ya Kiarabu, nao huelekeza kwenye uzito unaobebwa. Ndiyo maana Serikali, Bunge na Mahakama huitwa mihimili ya dola. *Gadi*, neno la mabaharia, ni mti wa kukitegemeza chombo kilichopwelewa kisilale ubavu. Gadi huzuia kuanguka, wala haikiinui chombo.

Mazingira ya Malinyi, katika bonde la mto Kilombero, yanatoa ulinganisho ulio karibu zaidi. Katika mashamba ya mpunga hujengwa *madungu*, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo wakulima hulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Kwa kuwa bonde hufurika wakati wa masika, miti hiyo hubeba kibanda na papo hapo humtenga mkaaji na maji. Lakini dungu ni jina la jengo zima. Kulifanya kisawe cha *staddle* ni kutaja kizima mahali pa sehemu.

Suala hili si la mfasiri peke yake. Mwongozo unaosema "ghala lijengwe juu ya nguzo" haumwambii mkulima kwamba panya hupanda nguzo, na kwamba panahitajika kichwa kipana au bati la kumzuia. Kosa la istilahi hapo hulipwa kwa magunia.

Kwa hiyo, inapendekezwa kutumia *mguu wa ghala*, kwa mlinganisho na mguu wa kitanda, ambao hubeba na huinua. Katika matini za kitaalamu iongezwe sifa bainifu: *mguu wa ghala wa kuzuia panya*. Istilahi hiyo ni ndefu, lakini haipotezi sifa yoyote kati ya zile mbili.