Tope la Pwani ni Shamba la Ndege

Je, umewahi kusimama pwani wakati maji yamekupwa? Uliona nini? Wengi watajibu, "Niliona tope tu." Lakini tazama tena. Juu ya tope hilo kuna ndege wanaokula. Wako watu ambao hutoka nyumbani mapema ili kuwatazama tu. Hebu tujifunze sababu yake.

Jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi huingia baharini karibu na daraja la Selander. Magari mengi hupita hapo. Hata hivyo, mahali hapo pana mikoko na tope, na ndege huja kula. Utaona yangeyange weupe wenye miguu mirefu. Utaona sululu, ambaye mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini. Utaona pia vitwitwi, ndege wadogo wanaokimbia kando ya maji.

Yangeyange huishi kwetu mwaka mzima. Lakini vitwitwi wengi ni wageni. Wako wanaozaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, katika nchi ya Urusi. Uzito wa kitwitwi wa namna hiyo ni kama wa yai moja la kuku. Lakini huruka zaidi ya kilometa 8,000 kufika kwetu!

Kwa nini anakuja? Huko kwao, baridi kali ikianza, ardhi huganda na kuwa ngumu kama jiwe. Hapati chakula. Kwa hiyo huanza kufika kwetu mwezi wa Agosti na Septemba. Ikifika Aprili, wengi huondoka kwenda kwao kutaga mayai.

Ndani ya tope letu mna minyoo, konokono na kaa wadogo. Hicho ndicho chakula chake. Kabla ya safari hula sana ili apate mafuta mwilini. Mafuta hayo ndiyo akiba yake ya njiani. Asiposhiba kwetu, hawezi kufika kwao.

Ukitaka kuwatazama ndege hawa, fanya hivi:

1. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa. Fika wakati maji yanapanda. Maji yakipanda, ndege husogea karibu na nchi kavu.

2. Jua liwe mgongoni kwako. Hapo utaona rangi vizuri.

3. Keti kimya. Usiwafukuze, na wakataze watoto kuwatupia mawe. Kila wanaporushwa bure, hupunguza akiba yao ya mafuta.

4. Chukua daftari. Andika tarehe, mahali, na idadi ya ndege. Kama hujui jina la ndege, chora mdomo wake na miguu yake. Darubini husaidia, lakini hata macho yako yanatosha kuanza.

Labda utauliza, "Ndege hawa wanatufaa nini?" Tope linalowalisha ndege hulisha pia kaa na kamba. Samaki wachanga hujificha na kukua penye mikoko. Tukikata mikoko ovyo, tukitupa taka, au tukifukia tope kwa kifusi, mgeni atakosa chakula. Lakini na sisi tutakosa kitoweo.

Basi hesabu ndege kila mwaka, mwezi ule ule na mahali pale pale. Wakipungua mwaka hadi mwaka, ulizeni sababu katika mkutano wa kijiji au wa mtaa. Daftari lako litakuwa shahidi. Hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma na kuandika.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vitwitwi huondoka Siberia?

2. Kwa nini si vizuri kuwafukuza ndege wanapokula?

3. Je, karibu na kwenu kuna tope, bwawa au mikoko? Nani hupata chakula hapo?