Kauli moja yaporomosha hisa za kwantamu

Wawekezaji waliokimbilia hisa za kampuni za kompyuta za kwantamu mwishoni mwa 2024 walionja machungu Januari 8, 2025. Siku hiyo moja bei ya hisa za Rigetti, zinazouzwa katika soko la Nasdaq nchini Marekani, ilianguka kwa asilimia 45. Za IonQ, katika Soko la Hisa la New York, zilianguka kwa asilimia 39.

Hakuna kiwanda kilichoungua wala hesabu zilizoghushiwa. Siku moja kabla, mkuu wa kampuni ya Nvidia, Jensen Huang, aliwaambia wachambuzi wa masoko kwamba kompyuta hizo zitachukua miaka 15 hadi 30 kabla ya kuleta manufaa makubwa.

Bei zilikuwa zimechochewa na Google, iliyotangaza Desemba 2024 kifaa chake Willow chenye kyubiti 105. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa 0 au 1. Kyubiti hubeba mchanganyiko wa vyote viwili, lakini huvurugika upesi. Willow ilionyesha kuwa makosa yanaweza kupungua kadiri kyubiti zinavyoongezwa. Hiyo ni hatua kubwa ya maabara, ila wanunuzi waliipokea kama shehena iliyokwisha kufika bandarini. Hisa ya Rigetti, iliyouzwa kwa takriban dola 1 mwezi Oktoba, ilifunga mwaka ikiwa juu ya dola 15.

Vitabu vya hesabu havikupanda hivyo. Mapato ya Rigetti ya 2024 yalikuwa dola milioni 10.8, pungufu ya milioni 12 za mwaka uliotangulia. IonQ iliongeza mapato hadi milioni 43.1, lakini nayo ilipata hasara.

Intaneti ya kwantamu iko mbali zaidi: mwaka 2021 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliunganisha vituo vitatu tu. Biashara iliyo karibu ni ya kufuli. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kulinda siri zisifumbuliwe na kompyuta za kwantamu, na vyote hutumika kwenye kompyuta za kawaida.

Machi 2025 Huang aliwaalika wakuu wa kampuni hizo San Jose wamweleze alikosea wapi. Siku hiyo hisa zao zilishuka tena.