Mtoto Asiyetulia Darasani: Ni Kifaa Gani Kinamfaa?

Baadhi ya kamati za parokia za Bukoba na Muleba zimetuuliza kama tunaweza kuwaombea kwa wafadhili tableti kwa ajili ya wanafunzi "watundu". Tunapenda kulieleza jambo hili kidogo.

Wapo watoto ambao kutotulia kwao si utovu wa nidhamu. Hali hiyo kitaalamu huitwa ADHD: mtoto hupata shida kushikilia jambo moja, kusubiri zamu yake au kukaa kimya. Si kwamba hana akili. Msimu wa senene ukifika, huenda yeye ndiye wa kwanza kuwaona. Lakini katika darasa lililofurika, ambamo mwalimu hana hata pa kupita kati ya madawati, huambulia viboko, na wengine huishia kuacha shule. Ikumbukwe pia kwamba njaa, malaria ya mara kwa mara au kutosikia vizuri huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Anayethibitisha ni daktari, si kamati.

Kifaa husaidiaje? Hugawa somo vipande vifupi, humjibu mtoto papo hapo, na hakichoki kurudia. Mkoani Tanga, katika jaribio la XPRIZE lililomalizika mwaka 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijijini walipewa tableti zilizochajiwa kwa umeme wa jua. Awali zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Jaribio hilo halikuwalenga watoto wenye ADHD, ila lilionyesha kwamba vifaa hivi vinaweza kufanya kazi hata kijijini kusiko na umeme.

Hata hivyo, kwa maoni yetu tableti isiwe ya kwanza kununuliwa. Simu moja ya mwalimu inatosha kuanzia. Anarekodi maagizo ya zoezi kwa sauti yake, na mtoto anayasikiliza tena kwa spika za masikioni. Baada ya dakika kumi simu inalia. Mtoto anasimama, anafuta ubao, kisha anarudi kwenye zoezi. Intaneti izimwe, kwani tangazo moja la mchezo humpoteza mtoto huyu kuliko kelele za darasa zima. Kifaa kibaki kwa mwalimu, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni.

Maombi ya robo ijayo yataje mwalimu atakayekitunza kifaa, mahali pa kuchajia, na nani atalipia spika za masikioni zikikatika. Hukatika upesi.