Mto wa Wote: Uvuvi wa Nzi Bandia katika Familia za Montana

Uvuvi wa nzi bandia ni namna ya kuvua samaki wa maji baridi, hasa wale wa jamii ya trauti, kwa kutumia kitu kidogo kilichofungwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana ili kifanane na mdudu ambaye samaki amezoea kumla. Mvuvi wa mshipi wa pwani ya Afrika Mashariki hutegemea chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi na kuipeleka ndoana inapotakiwa. Nzi bandia hana uzito wa kutosha kurushwa hata hatua chache, na kwa sababu hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umefunikwa kwa plastiki, na hurushwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu unaopindika, mpaka ujikunjue wote juu ya maji. Mwishoni mwa mshipi hufungwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi, wenye urefu wa mita mbili au tatu, na nzi hufungwa kwenye ncha ya uzi huo. Ustadi wote umo katika kumtua nzi bila kishindo na kumwacha achukuliwe na mkondo kama mdudu yeyote, kwa kuwa trauti akiona mdudu anayekwenda kinyume na maji humkataa mara moja.

Ufundi huu ni wa kale. Mnamo mwaka 200 hivi, mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na manyoya ya jogoo ili kuwanasa samaki wenye madoa. Hata hivyo, mahali ulipokuzwa na kuandikiwa vitabu vingi zaidi ni Uingereza, na huko haki ya kuvua kwa kawaida hufuata umiliki wa kingo za mto, kiasi kwamba kwenye Mto Test wa Hampshire, unaosifiwa na wavuvi wa dunia nzima, sehemu nzuri zimekuwa mikononi mwa watu wachache kwa vizazi vingi. Klabu ya Houghton, iliyoanzishwa mwaka 1822, ipo hadi leo. Montana, jimbo la Marekani lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 380,000 na watu wanaozidi milioni moja kidogo, limekwenda njia nyingine kabisa. Katika miji yake midogo kama Ennis na Livingston, anayevua kwa kujifurahisha anaweza kuwa mwalimu, fundi bomba, muuguzi au karani wa benki, na mara nyingi huvua mto uleule anaouvua tajiri aliyetoka mbali kwa ndege.

Hali hiyo haikuletwa na wingi wa maji peke yake. Katiba ya Montana ya mwaka 1972 inatamka kwamba maji yote ya jimbo ni mali ya jimbo kwa matumizi ya watu wake. Mwaka 1984 mahakama ya juu ya jimbo ilitoa hukumu mbili zilizothibitisha haki ya umma kuitumia mito kwa burudani, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoweka haki hiyo bayana. Kwa sheria hiyo, mtu aliyeingia mtoni kihalali, kwa mfano kutoka kwenye daraja la barabara ya umma, anaweza kutembea majini na kando yake hadi kwenye alama inayofikiwa na maji ya kawaida yanapojaa, hata kama ardhi ya ng'ambo zote mbili ni ya bwana mmoja. Asichoruhusiwa ni kukatiza shamba la mtu ili aufikie mto. Wamiliki wa mashamba makubwa wameipinga mahakamani zaidi ya mara moja, na kiini chake kimesimama. Maisha ya mvuvi wa Montana hayaelezeki bila sheria hii, kwa maana ndiyo inayomwezesha mfanyakazi anayetoka kazini saa kumi na moja jioni kuwa mtoni saa kumi na mbili, yeye na mwanawe, bila kuomba ruhusa ya mtu wala kumlipa mwenye shamba, na mwezi Juni jua la huko halizami mpaka baada ya saa tatu usiku.

Mwaka wa familia yenye mvuvi huanza ndani ya nyumba. Wakati wa baridi kali, mito ikiwa imeganda kingoni, shughuli huhamia mezani, ambako nzi hufungwa kwa ajili ya msimu ujao. Mfano mzuri ni yule anayeitwa Elk Hair Caddis, aliyebuniwa katika miaka ya 1950 na Al Troth, fundi aliyetoka Pennsylvania na baadaye akahamia Dillon, Montana. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa ndogo, kisha uzi huzungushwa juu yake ili vitu vitakavyofuata visiteleze. Nywele laini za sungura husokotwa kwenye uzi kwa vidole na kuviringishwa kuwa kiwiliwili. Unyoya mrefu wa shingo ya jogoo huzungushwa kutoka mbele kwenda nyuma, nyuzi zake zikisimama pande zote mithili ya miguu, na waya mwembamba wa rangi ya dhahabu huupitia ili usikatwe na meno ya samaki. Mwisho, fungu dogo la nywele za elki, kulungu mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, hulazwa mgongoni kuwa mabawa. Nywele hizo zina vijishimo vya hewa ndani, na ndiyo sababu nzi huyu huelea hata kwenye maji yenye mawimbi. Fundi mzoefu humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Mtoto anayejifunza huweza kutumia jioni nzima kwa nzi mmoja aliyepinda, ambaye trauti, kwa bahati njema, hamkatai.

Kinachoigwa ni wadudu halisi, na mvuvi makini huishia kuwa mwanafunzi wa wadudu. Wapo wa jamii ya Efemeroptera, ambao huishi majini wakiwa tunutu, yaani hatua ya ukuaji kabla ya mdudu kamili, kwa muda wa miezi mingi na mara nyingi mwaka mzima, kisha wakiota mabawa huishi siku moja au mbili tu bila kula chochote. Wapo wa jamii ya Trikoptera, ambao mabuu yao mengi hujijengea ala za mchanga na vijiti. Wapo pia visubi wadogo wa jamii ya Kironomide, ndugu wa baadhi ya wale wanaoinuka kwa mawingu juu ya Ziwa Victoria, ambao huko Montana huibuka hata siku za baridi na huigwa kwa ndoana isiyozidi punje ya mchele. Mdudu anayengojewa kuliko wote ni Pteronarcys californica, mwenye tumbo la rangi ya chungwa na urefu wa sentimita tano au zaidi, ambaye hukaa chini ya mawe kwa miaka mitatu au minne akiwa tunutu, kisha mwezi Juni hutambaa hadi kwenye vichaka vya kingoni, akavua gamba na kuruka. Kibuko hicho, yaani kuibuka kwa wadudu wengi kwa pamoja, hupanda mto siku baada ya siku kadiri maji yanavyopata joto, na katika miji ya bonde la Mto Madison habari ya kilikofikia huulizwa dukani na kanisani.

Kalenda hii hugongana na kalenda ya nyumbani, na ni haki kusema hivyo wazi. Kwenye Mto Yellowstone, kibuko kikubwa cha wadudu wa Trikoptera hutokea mwanzoni mwa Mei, kabla theluji ya milimani haijayeyuka na kuufanya mto kuwa tope hadi katikati au mwishoni mwa Juni, na wavuvi wamekipa jina la Siku ya Mama, inayosherehekewa Marekani Jumapili ya pili ya mwezi huo. Mwenzi anayebaki na watoto siku kama hiyo, huku mwingine amesimama majini mpaka kiunoni, ana sababu ya kulalamika, na mapenzi ya mto hayamwondolei mtu wajibu wake wa nyumbani. Familia zinazodumu na hobi hii kwa furaha ni zile zilizougeuza mto kuwa mahali pa wote, ambapo mmoja anavua, mwingine anasoma chini ya mti, na watoto wanageuza mawe kutafuta tunutu.

Aidha, si kweli kwamba ufito ni mali ya wanaume. Mwaka 1951 Joan Wulff alishinda shindano la kitaifa la Marekani la kurusha mshipi kwa umbali akishindana na wanaume watupu, na baadaye, pamoja na mumewe Lee, alianzisha shule ya kurusha ambayo mafunzo yake yameenea kote. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni mpango wa Casting for Recovery, ulioanzishwa Vermont mwaka 1996 kwa ajili ya wanawake wenye saratani ya matiti au waliopona: mwendo wa mkono katika kurusha hufanana na mazoezi ambayo hupewa wagonjwa baada ya upasuaji, na siku chache za mtoni huwapa wanawake hao nafasi ya kuongea na wenzao wanaoijua hali yao.

Majini kwenyewe, kazi kubwa ni kutazama. Trauti hapendi kupoteza nguvu, hivyo hukaa pale ambapo maji ya polepole yanapakana na ya kasi, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo uliomomonyoka, ili mkondo umletee chakula bila yeye kuufuata. Akinaswa, wavuvi wengi humwachia. Mikono hulowanishwa kwanza, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaoilinda ngozi yake dhidi ya maradhi; ndoana isiyo na kijino hutoka kwa kuzungushwa kidogo tu, samaki akiwa bado majini ndani ya wavu; kisha hushikwa taratibu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Anayemwinua juu kwa dakika nzima ili apigwe picha huenda akamrudisha akiwa hai, lakini samaki huyo akafa baada ya saa chache.

Uangalifu huo una historia. Hadi katikati ya karne ya 20, serikali za majimbo ya Marekani ziliamini kwamba mto mzuri ni ule unaomiminiwa samaki wa kufugwa kila mwaka. Mwanabiolojia Dick Vincent alipouchunguza Mto Madison mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligundua kwamba samaki hao walikuwa wakiwapunguza trauti waliozaliwa mtoni, na mwaka 1974 Montana ikaacha kupandikiza samaki katika mito yenye trauti wa porini, uamuzi uliopingwa vikali na wenye maduka ya uvuvi, na ambao leo ndio fahari ya jimbo. Mwaka 1994 pigo jingine liligunduliwa, ugonjwa wa kimelea kilichotoka Ulaya ambao huwafanya samaki wachanga kuzunguka kama waliopotea njia, na katika sehemu za Madison ukawaangamiza trauti wa upinde wa mvua kwa takriban asilimia 90 kabla idadi yao haijaanza kurudi.

Trauti hao wa upinde wa mvua si wenyeji wa Madison. Asili yao ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki. Trauti wa kahawia nao walitoka Ujerumani na Scotland, na wale wa Loch Leven, ziwa la Scotland, walipandikizwa mwaka 1890 katika Ziwa Lewis, ndani ya hifadhi ya Yellowstone. Mwaka 1905 trauti wa ukoo huohuo walifikishwa Kenya na Ewart Grogan na kuwekwa katika Mto Gura, kwenye safu ya Aberdare, kwa hiyo samaki wa Nyeri na wa Yellowstone ni ndugu wa damu. Mwenyeji wa kweli wa Madison ni trauti mwenye alama nyekundu chini ya taya, ambaye wageni hao wamemsukuma mpaka kwenye vijito vya juu. Nchini Kenya mito mingi ya trauti imo ndani ya misitu na hifadhi zenye viingilio, pamoja na nyati na tembo wanaomlazimu mvuvi kwenda na askari wa wanyamapori, na hobi hii imebaki ya wachache, ingawa maji hayo hutoka kwenye milima ileile inayowanywesha wakulima wa chini.

Kwa sasa hofu kubwa ya wavuvi wa Montana ni joto. Maji yanapopata joto hupungukiwa na oksijeni, na trauti aliyechoshwa na mshipi hushindwa kupata pumzi tena. Kwa hiyo mto unapofikia nyuzijoto 23 za Selsiasi hivi kwa siku tatu mfululizo, idara ya samaki na wanyamapori inaweza kuufunga kwa wavuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, na theluji inapokuwa haba makatazo hayo huja mapema. Familia iliyozoea kwenda mtoni jioni baada ya kazi hulazimika kuamka kabla ya jua, kupanda kwenye vijito baridi vya milimani ambako trauti mwenyeji bado yupo, au kuziweka fito ndani na kuwapeleka watoto kuogelea mahali pale pale.