Fahamu: Kutetea ukeketaji redioni ni kosa?

Redio ya Kimaasai ikifungua simu kuhusu ukeketaji, msikilizaji wa Kitengela au Kajiado husikia mila na sheria zikigongana. Mjadala si mpya. Mwaka 2014 wanawake waliandamana Kajiado wakipinga marufuku ya ukeketaji. 2017 daktari Tatu Kamau akaenda kortini akidai mwanamke mtu mzima aachiwe achague. Mahakama Kuu ilikataa ombi lake Machi 2021.

Je, kuipinga sheria hewani ni kosa? Hapana. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya kinalinda maoni, ila si uchochezi wala matamshi ya chuki.

Lakini kuna mpaka mwingine. Sheria ya 2011 dhidi ya ukeketaji inakataza kumdhihaki mwanamke ambaye hajakeketwa, au mume aliyemwoa: kifungo kisichopungua miezi 6, faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Kwangu hicho ndicho kipengele chenye uzito zaidi, maana aibu humfikia msichana kabla ya wembe wa ngariba. Mtangazaji ana ruhusa ya kuihoji serikali. Hana ruhusa ya kumtusi binti huyo.

Mtoto aliye hatarini? Piga 116, bila malipo.